Zimwi la Elfu Themanini

Saa tisa na dakika kumi, kama mtu aliyeapa,
taa ya ruta inageuka nyekundu.
Kule kiwandani minofu ya sangara imeshapimwa,
imelazwa kwenye barafu, inangoja ankara yangu,
na ankara imesimama asilimia arobaini na moja
kama mbuzi mlangoni: haingii, hatoki.

Napiga simu. Naambiwa simu yangu ni muhimu.
Umuhimu huo una kinanda chake;
nakijua hadi pale kinapojikwaa.
Mara ni umeme. Mara ni mvua ya juzi.
Safari hii ni jiwe.
"Mama, nyumba yako imekaa nyuma ya jiwe."
Nani Bugarika hakukaa nyuma ya jiwe?
Marehemu alijenga akiliegemea,
mimi michembe naianika juu yake,
na halijawahi kunidai hata senti.

Jana usiku Minza alipiga kutoka Songea.
Akaganda kwenye kioo, mdomo wazi,
silabi moja tu imebaki hewani: ma—
Niliitazama dakika nzima.
Mama? Matokeo? Malaria?
Asubuhi ndipo nikajua: maharage.
Alitaka kuuliza yangu nayachemsha muda gani.
Nilikuwa nimeshalia.

Jumamosi akaja kijana wa kampuni nyingine,
fulana ya rangi ya chungwa,
viatu ambavyo havijawahi kuuona mlima,
mkononi karatasi inayong'aa.
Elfu sabini na tano. Miezi mitatu ya kwanza nusu bei.
Kasi akaitaja kwa namba ndefu, akapumua katikati.
Nikamwuliza: na saa tisa na dakika kumi?
"Saa zote, mama."
Asemaye saa zote
hajawahi kuulizwa kuhusu saa moja.

Bi Nyanjige alihamia kwao mwaka jana.
Nilimkuta uani anapara sato,
magamba yamemrukia hadi kwenye nyusi.
"Yangu haikatiki," alisema.
Akageuza samaki.
"Ila ikikatika, ni wiki."

Wahenga walituachia zimwi lao,
likujualo, halikuli likakwisha.
Langu linanijua barabara:
linanila elfu themanini kila tarehe tano
na stakabadhi linanipa.

Halafu yupo Nkwabi, fundi wao.
Miaka mitatu anayapanda mawe haya, ngazi begani.
Anajua msumari upi umelegea,
anajua chai yangu haina tangawizi.
Siku ya tatu ya msiba, taa ikiwa kijani kabisa,
alitokea tu. "Nimepita kuangalia waya."
Waya hakuugusa.
Sasa nikihama kampuni, huyu namhama pia?

Leo nimemwuliza, macho kwa macho.
Akanyamaza. Akafuta koleo kwenye suruali.
"Mama, kuanzia ile nguzo ya bondeni,
nyaya zetu na zao zinalala sanduku moja.
Panya ni yuleyule."

Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Alipotoka, nimeivuta ile karatasi inayong'aa.
Jina, nimejaza. Mtaa, nimejaza.
Sababu ya kuhama:
nilitaka kuandika kwamba hasira yangu kwa hawa imechakaa,
imetoboka viwikoni kama sweta la shule,
nataka nyingine, hata ikitoka sanduku lilelile.
Mstari ni mfupi. Nimeandika: saa tisa na dakika kumi.

Penye sahihi, kalamu imekataa.
Nje ngazi ya Nkwabi inagonga jiwe, inanyamaza,
inagonga la chini yake.
Nimeinua macho: taa imerudi kijani.
Ankara imeondoka yenyewe, sijui saa ngapi,
na haikuaga.

Kumbe inawezekana.